Popote Tu

Rehema mwanangu,

Umeniambia nisijisumbue kuamka. "Nitatoka polepole, mama, wewe lala. Wa bodaboda nimemwambia asipige honi." Umelisema hilo huku unafunga begi, umenipa mgongo, kwa ile sauti yako ya kumhurumia kila mtu, nami nikajibu, "Haya." Kisha nikaenda jikoni nikasimama mbele ya jiko kama mtu aliyesahau alichofuata. Binti yangu anakwenda Kanada, safari ya ndege mbili na siku isiyoeleweka inaanzia wapi inaishia wapi, na anataka kunyata mlangoni kama mwizi wa kuku ili mimi nisikatizwe usingizi! Nimechukua kalamu.

Sitakuandikia habari za sweta, wala za dawa za kichwa, wala za kutopokea mzigo wa mtu usiyemjua uwanjani. Hayo shangazi yako amekuimbia wiki nzima mpaka kuku wa hapa nyumbani wameyashika. Mimi nina jambo moja tu, na kosa lililomo ni langu, si lako. Linahusu ndege. Tena si ndege yote, ni kiti tu.

Leo Garsen nilicheka, ujue. Pale bucha, tulipoona hakuna duka lenye mizani ya kutosha, ukalifunga begi lako kwa leso lisipate mafuta, wakalitundika kwenye ile ndoano ya mizani wanayotundikia mbuzi. Likazunguka polepole. Yule mzee wa Kiorma aliyekuja kununua nyama akalitazama kwa jicho la mnunuzi, akasema, "Huyu amenona, lakini shingo yake iko wapi?" Watu wote wakaangua kicheko, na wewe ukacheka umeziba mdomo. Halafu mzigo ukawa umezidi, ukaingiza mkono, ukaitoa ile achari ya maembe niliyokufichia katikati ya nguo. Nilinuna kwa ajili ya achari yangu, lakini moyoni nilikuwa na furaha. Nikajiambia, safari ikianza kwa kicheko hivi, itakuwa ya kheri.

Ndipo tukaingia saiba, kile kiduka cha kompyuta. Yule dada akafungua tiketi yako kwenye kompyuta, akakuuliza, "Unataka siti ya dirishani ama ya njiani?"

Ukasema, "Popote tu."

Akageuka akakutazama. "Sema unayotaka, dadangu. Sahii ziko nyingi."

"Popote tu, isiwe shida."

Akabonyeza bonyeza, karatasi ikatoka, akakupa. "Haya basi, nimekuweka katikati. Wenye popote huwa nawaweka katikati, maana zile zingine watu huzigombania."

Wewe ukashukuru, ukaikunja karatasi. Mimi nilikuwa nyuma yako kwenye kiti cha plastiki, mfuko wa vitunguu mapajani. Ningeweza kusema. Maneno machache tu, "Mpe ya njiani, mama, miguu yake ni mirefu." Sikusema. Niliona haya kumkatiza yule dada kazi yake, na nyuma yetu kulikuwa na watu wanangoja picha za pasipoti. Unaona? Mamako ni yuleyule. Na hilo "popote" lako si lako, Rehema. Ni mimi niliyekutia mdomoni, ukiwa mdogo, ndani ya ndege.

India unaikumbuka kidogo. Huwa unamtaja yule nesi mwenye bangili nyingi na aiskrimu ya kijani. Sijawahi kukuuliza unakumbuka nini cha ndegeni, na kutokuuliza kwangu kulikuwa kwa makusudi.

Ulikuwa hujaanza darasa la kwanza. Ukikimbia kidogo tu kufuata wenzako, midomo inageuka zambarau, unachuchumaa. Tukaambiwa moyo una tundu na huku kwetu haliwezi kuzibwa. Watu wakachanga, kanisa letu na msikiti wa Tarasaa, hata wafugaji waliokuwa wamegombana nasi juu ya ng'ombe kuingia shambani, nao wakaleta chao. Marehemu babako akabaki, kwa kuwa nafasi ya msindikizaji ilikuwa moja. Na mimi, ambaye Mombasa kwenyewe nilikuwa nimekwenda kwa kuhesabika, nikajikuta uwanja wa ndege wa Nairobi nimevaa viatu vya kuazima vya mke wa mchungaji.

Vilikuwa vinanibana tangu Tarasaa. Nikavivua kwenye ukaguzi na nusura vinishinde kuvaa tena. Pale pale wakanikamata na chupa ya maji ambayo bibi yako alikuwa ameyaombea. Nikamwambia yule askari, "Hiki si kitu, haya ni maji tu." Akanijibu, "Ndiyo shida yenyewe, mama, ni maji." Akayatupa. Sikubisha. Nilitaka kumwambia ni maji ya maombi, kwamba mtoto ni mgonjwa, anipe hata nikupakaze usoni kwanza. Lakini nyuma kulikuwa na foleni. Kila mahali maishani mwangu, mwanangu, nyuma kulikuwa na foleni.

Na kile kiti! Aliyekitengeneza hakuwa na magoti. Tulikuwa hata hatujapewa chakula, kijana wa mbele akalaza kiti chake nyuma, kichwa kikaja mpaka hapa, ningeweza kumsuka. Trei ikaja, kidude cha kitoto, kila kitu kimevishwa karatasi yake, na ukishaifungua karatasi huna pa kuiweka. Nikala nimebana viwiko mbavuni kama kuku aliyefungwa. Masikio yakaziba, wewe ukawa unaniita nami nakusikia kama uko ng'ambo ya mto. Halafu ile feni ya juu ya kichwa. Ilikuwa inatupulizia baridi moja kwa moja, mimi sijui inafungwaje. Nikakufunika leso yangu, mimi nikatetemeka safari nzima. Tulipokuwa tunarudi ndipo nikamwona mwanamke mmoja ananyoosha mkono, anaizungusha kidogo, imefunga. Nilikuwa nimeganda kwa baridi kwa kukosa kuuliza neno moja, "Hii inafungwaje?"

Wewe ulikaa dirishani, mimi katikati, na upande wa njiani mzee mmoja wa Kisomali, ndevu za hina, anakwenda kutibiwa goti. Mzee wa heshima zake. Alikusalimia kabla ya kunisalimia mimi, akakupa tende. Alipokwisha kula na kuswali palepale alipokaa, akaunyoosha ule mguu mbovu mpaka chini ya kiti cha mbele, akaegemeza bakora yake, akafumba macho. Wakazima taa. Mbele yetu kulikuwa na kioo kidogo kinaonyesha ramani, na kidege juu yake, kidege hicho hakisogei, kimeganda juu ya bahari tu.

Ukanivuta mkono. "Mama, nataka kukojoa."

Unajua nilivyolelewa, maana nawe nimekulea hivyohivyo. Kwa bibi yako mtu hamruki mtu. Aliyekaa au aliyelala na kunyoosha miguu, unazunguka. Huwezi kuzunguka, unamwomba akunje. Kumruka mtu mzima miguu ni kumfanya gogo lililoanguka njiani. Na ukijisahau ukamruka, umemfunga, basi unarudi ulikotoka, unamruka tena, ndipo unamfungua. Unakumbuka siku ile uliporuka juu yangu nimelala ukifukuza kifaranga? Nilikurudisha na kifaranga chako mkononi, ukaniruka tena, ukasema, "Sasa mama nimekufungua." Tena kwa bibi yako mtu mzima aliyelala alikuwa anaamshwa kwa mambo mawili, mafuriko na msiba. Mkojo wa mtoto haukuwemo.

Basi nikautazama ule mguu, nikaitazama ile bakora, nikakwambia, "Vumilia kidogo, mzee amelala."

Ukakaa. Ukapandanisha miguu. Baada ya muda, "Mama." Nikakwambia, "Vumilia." Ukaanza kujitikisa mbele na nyuma, kimya kimya, na mimi nakishika kile kidege kwa macho, nakiomba kisogee, nikidhani tukifika mzee ataamka mwenyewe. Nilikuwa nimechoka, Rehema. Miguu imenivimba, mgongo unawaka, kichwani kuna neno moja tu, upasuaji. Lakini hayo si ya kunitetea. Mama wengi wamechoka na hawakufanya nilichofanya.

"Mama, unatoka."

"Nimesema vumilia! Huoni mzee amelala?"

Kisha nikasikia joto kwenye paja langu, limepenya leso.

Hukulia. Ungelia labda ningeshtuka nikakumbuka wewe ni nani na tunakwenda wapi. Ulinitazama usoni. Na mimi, badala ya kukukumbatia, nikakufinya. Nilikufinya paja, mtoto mwenye tundu kwenye moyo, nikakuinamia sikioni nikasema, "Umeniaibisha mbele za watu."

Ukasema, "Nisamehe, mama. Sitaomba tena."

Nami nikasema, "Vizuri."

Hilo ndilo jambo lenyewe. Nimelizunguka kurasa zote hizi na sasa nimeliandika. Nilisema vizuri. Nilifarijika, Mungu anisamehe. Niliona nimepata mtoto mwenye adabu.

Yule mzee akafumbua macho. Nikamwahi kabla hajauliza, "Ni maji, mzee wangu, mtoto amemwaga maji." Akalitazama lile gauni lako. Akanitazama mimi, muda mrefu kidogo kuliko nilivyopenda. Akasema, "Mama, mbona hukusema nipishe? Mimi sikulala. Nani analala kwenye kitu hiki? Nimefumba macho tu, goti linaniuma." Akainuka kwa taabu, anashika viti, akamwita yule msichana wa ndege. Akaja na taulo na blanketi jingine, akakupeleka chooni kwa mkono wake, akakurudisha umevaa fulana ya ndege iliyokufika magotini. Hakuna aliyecheka. Hakuna hata aliyegeuka. Kijana wa mbele ndiye aliyekuwa amelala kweli, na yeye hakuamka. Aibu yote ile ilikuwa kichwani mwangu peke yangu.

Siku ya kuingizwa chumba cha upasuaji, nesi wako wa bangili akakuuliza kwa ishara, unataka chochote? Maji? Choo? Midoli? Ukanitazama mimi kwanza. Kisha ukatikisa kichwa, hapana. Wakakusukuma, mlango ukafungwa, nami nikabaki kwenye benchi na lile neno langu. Nikafikiri, akifia humo ndani, atakuwa amekwenda akijua kwamba kuomba ni kumwaibisha mamake. Niliomba siku ile, si kama tunavyoomba kanisani. Nilimwambia Mungu, nirudishie huyu, nitamwambia mwenyewe kwamba nilikosea, nitamwambia kabla hatujafika nyumbani.

Akakurudisha. Tukafika nyumbani, wakatupokea kwa nyimbo, wewe una kovu lako kifuani unawaonyesha watoto wenzako kama medali. Nikaahirisha. Leo kesho, leo kesho. Ukawa mkubwa.

Na watu wakaanza kukusifu. "Mama Rehema, mtoto wako hana makuu." "Mama Rehema, huyu mtoto hata akikaa na njaa hutajua." Wakati wa mafuriko, tulipohamia kule juu penye mahema, ulitoa godoro lako kwa yule mama mwenye mapacha ukalala kwenye gunia, na asubuhi una homa, na hukusema. Mchungaji akakutaja madhabahuni. Mimi nimekaa pale naitikia sifa kwa kichwa, najua zimetoka wapi.

Halafu ukaenda bweni. Lile tumbo. Walikukimbiza hospitali asubuhi, nikafika nimechanganyikiwa, gauni nimevaa nje ndani, ukiwa umekwishapasuliwa. Daktari alikuja kukutazama, akauliza kwa upole tu, "Mbona ulikaa na maumivu haya usiku kucha, msichana?" Ukamjibu, "Matroni alikuwa amelala." Alidhani unatania. Mimi niliyesimama miguuni pa kitanda nilijua hutanii. Nilitoka nje, nikaenda nyuma kule wanakoanika mashuka, nikalia mpaka mwanamke mmoja mfuaji akaniletea kigoda. Akadhani umekufa.

Hata siku hiyo sikukwambia. Unataka kujua kwa nini? Niliogopa utasema hukumbuki, nibaki na kosa langu peke yangu kama mwendawazimu. Na niliogopa zaidi utasema unakumbuka.

Juzi ulikuwa unajifunza kwenye simu yale mambo ya kazi yako ya kuwatunza wazee. Ukanikalisha kitandani eti mimi ndiye bibi kizee wa Kanada. Ukaniwekea kengele mkononi, kile kijiko na kikombe, ukaniambia, "Mama, ukitaka kwenda haja usiku, piga kengele. Usione haya. Usivumilie. Hunisumbui, ndiyo kazi yangu." Ulisema kwa sauti nzuri! Nikagonga kikombe nikacheka, nikasema, "Nesi, nataka chai." Nilicheka ili usione machozi. Kumbe maneno unayo. Unayajua yote, tena umeyashika vizuri kuliko mimi, ila umeyaweka kwa ajili ya wengine. Utaamka usiku kumshika mkono mzee wa watu asiyejua hata Tana ni mto au mtu, hutanuna, utamfuta, utamwambia hakuna shida. Na wewe mwenyewe utakaa siti ya katikati umebana miguu mpaka mwisho wa bahari, kwa kuwa jirani amefumba macho.

Atafumba macho, Rehema. Wa kushoto atafumba na wa kulia atafumba. Atakuwepo na wa kuegemeza kiwiko mpaka kwenye ubavu wako, na wa kuvua viatu na soksi zake zina habari nyingi, na mtoto wa nyuma wa kukupiga mateke mgongoni. Kiti cha mbele kitakuja usoni mwako wakati wa supu. Ni kero ndogondogo, kila moja ukiitaja peke yake utaonekana unadeka. Ndivyo nilivyojiambia mimi. Zikajazana mpaka zikanifanya mtu wa kumfinya mwanawe. Sasa nasema hivi, na wala sikuagizi, nakurudishia tu kitu nilichokunyang'anya: mguse begani yule wa njiani. Sema, "Samahani, naomba kupita." Naomba. Neno ulilosema hutalisema tena, nami nikasema vizuri. Halikuwa vizuri. Lilikuwa baya kuliko yote niliyowahi kusikia, na nililisikia kama wimbo.

Akikunja uso, akunje. Akiguna, agune. Atasimama, utapita, ataketi tena, na baada ya muda ukimwamsha mara ya pili ataguna kidogo zaidi, basi. Hatakufa. Labda hata atashukuru, naye alikuwa anaona haya kuinuka. Kama ni mzee wa ndevu za hina, msalimie.

Nisamehe, mwanangu. Nimeliandika kubwa ulione. Nisamehe kwa kufinya, kwa uongo wa maji, na kwa "vizuri". Nisamehe pia kwa leo pale saiba.

Sasa sikiliza nilichofanya, na ukasirike ukitaka.

Wewe umelala chumbani, begi lako lililopimwa kama mbuzi liko kando ya mlango. Nyumba yetu ina mlango mmoja, hilo unalijua. Nimetandika mkeka pale pale mlangoni, kichwa upande huu wa fremu, miguu upande ule. Nafasi ya kuzunguka hakuna, nimejaribu mwenyewe na nimejigonga. Barua hii naitia kwenye mfuko wa pasipoti yako, maana najua hutaufungua mpaka uwanjani, kwa hiyo mlangoni hutakuwa umesoma neno. Kisha nitalala pale na kufumba macho. Kama umenisikia nakoroma, ujue nilikuwa najifanya. Nani analala usiku kama huu?

Sijui utafanya nini. Nakuona umesimama na viatu mkononi, unanitazama, unaitazama miguu yangu, kama mimi nilivyoutazama mguu wa yule mzee. Kuniruka huwezi, nilikukataza mwenyewe. Kuniamsha huwezi, hilo nalo nilikukataza. Na bodaboda amekwisha fika, anangoja, hapigi honi.

Kama umeniamsha, basi mpaka unasoma hapa nimekwisha kukushika, nimekwisha kukwambia haya yote kwa mdomo wangu, na umepanda ile bodaboda leso yangu ikiwa begani mwako, imelowa machozi. Kalale, Rehema. Umelipa kila kitu, sidai kitu, na huko mbele waamshe wote.

Na kama umeniruka, sitakasirika. Nitakuwa nimesikia unyayo wako ukipita juu yangu, na nitakuwa nimenyamaza, maana sitaki kukunyang'anya tena. Lakini unajua inavyofanywa. Umeniruka kwenda, nimefungwa. Fanya kazi yako huko, watunze wazee wa watu, kula, cheka umefungua mdomo. Halafu urudi ulikotoka, uniruke tena, unifungue.

Mkeka sitautoa.

Mamako